Hadithi ya mwaka 2190 imezidiwa na nyimbo zake: nianzie wapi kuirekebisha?

*Swali: Ninaishi Birmingham, Uingereza, na niko kwenye kikundi cha maigizo cha ridhaa. Mwaka jana tulionyesha mchezo wa muziki nilioutunga kwa kutumia nyimbo 21 za bendi moja ya roki ya hapa hapa mjini; mpiga gitaa wao alitukubalia kwa mdomo. Hadithi ni ya mwaka 2190. Kampuni moja inatawala dunia na imepiga marufuku sauti yoyote isiyotengenezwa na mashine, na kijana mmoja anasikia nyimbo za kale kichwani mwake. Watu waliimba nasi na kupiga makofi, lakini wengi walitoka wakisema hawakuelewa hadithi, na kadhaa wakasema ni ule mchezo wa nyimbo za bendi ya Queen uliobadilishwa majina. Ulikwenda saa mbili na dakika hamsini bila kuhesabu mapumziko, na usiku wa tatu mwigizaji wetu mkuu alikauka sauti. Kuna wimbo mmoja wa taratibu, wa mtu anayengoja simu usiku kucha, ambao kijana anauimba peke yake juu ya paa. Hapo ukumbi ulipoa kabisa. Sasa tumepata ukumbi tena. Muongozaji anataka msimulizi aeleze dunia hiyo mwanzoni, halafu tuongeze nyimbo mbili zinazojulikana zaidi. Mwenzetu mwingine anasema nibadilishe maneno ya nyimbo yafuate hadithi. Nianzie wapi? Au niandike yote upya?*

Ndugu yangu, nikikusoma vizuri, kinachokuumiza si kwamba mchezo ulishindwa. Watu waliimba, na hilo si dogo kwa kikundi cha ridhaa. Kinachokuumiza ni kwamba walizifurahia nyimbo huku hadithi ikiwapita pembeni, na sasa kila mtu anakuletea dawa yake. Nikujibu moja kwa moja kwanza: usiandike yote upya. Usiweke msimulizi. Usiongeze wimbo hata mmoja. Na maneno ya nyimbo usiyaguse, kwa sababu za sanaa na za kisheria nitakazozieleza. Kazi yako kubwa iko kwenye ile dakika moja kabla ya kila wimbo kuanza.

Tuanze na kwa nini ukumbi ulipoa pale juu ya paa. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya tamthilia humchukua mhusika mahali pamoja ukamfikisha pengine: anaanza kuimba akiwa anasita, anamaliza akiwa ameamua. Wimbo wa roki uliotungwa kwa ajili ya redio na tamasha haufanyi hivyo, wala haukuombwa ufanye hivyo. Unashika hisia moja na kuizungusha: ubeti, kibwagizo, ubeti, kibwagizo, gitaa, kibwagizo tena. Ubora wake uko katika kurudiarudia huko. Ukiupandisha jukwaani kama ulivyo, saa ya hadithi inasimama kwa dakika nne. Msikilizaji aliye garini hajali. Aliyekaa ukumbini na anataka kujua kijana atakamatwa au hatakamatwa, huyo anajali sana. Ukisimamisha saa mara 21, mwisho anaacha kuifuata na kuanza kusubiri wimbo unaofuata. Watazamaji wako walifanya hivyo hasa, na hawakukosea.

Sasa, kwa kuwa wimbo wenyewe hauendi popote, lazima hali inayouzunguka ndiyo iende. Umewahi kukaa kwenye taarabu, naamini. Mwimbaji anaimba maneno yale yale aliyoyaimba wiki iliyopita, mara mama mmoja anainuka mahali pake, anajongea mbele taratibu akiwa na noti mkononi, anamtunza pale pale kwenye mstari unaomhusu, na ukumbi mzima unageuza shingo kumtafuta anayepelekewa ujumbe. Hakuna neno lililobadilishwa. Aliyeinuka, na yule anayejikaza kwenye kiti akijifanya hajasikia, ndio walioupa wimbo maana mpya usiku ule. Mchezo unaotumia nyimbo zilizokwisha kuvuma unaishi kwa kanuni hiyo hiyo. Swali lako kwa kila wimbo liwe: nani anamwimbia nani, na kwa nini aliyeimbiwa hawezi kuinuka akaondoka?

Mchezo wa Queen uliotajwa na watazamaji wako una mfano mzuri wa hili, na kwa kuwa unalinganishwa nao ni vyema uujue kwa undani. We Will Rock You iliandikwa na Ben Elton, ikafunguliwa katika ukumbi wa Dominion, London, tarehe 14 Mei 2002, na ikaendelea hapo mpaka 31 Mei 2014. Wahakiki wengi waliiponda ilipofunguliwa. Watazamaji wakaijaza kwa miaka 12. Hadithi yake inatokea kama miaka 300 mbele, ambapo kampuni iitwayo Globalsoft inaitawala dunia, ala za muziki ni haramu, na kijana Galileo anasikia kichwani maneno ya nyimbo ambazo hajui zimetoka wapi.

Tazama wanavyoutumia Radio Ga Ga. Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, aliutunga wimbo huo, uliotoka mwaka 1984, kwa huruma juu ya redio inayoachwa nyuma na video. Jukwaani wimbo huo wanapewa vijana wanaofanana wote, wa dunia ambayo kila mtu husikiliza kitu kimoja. Wimbo uliokuwa wa majonzi unageuka kuwa wimbo wa kundi lililolala macho wazi. Halafu Galileo anapewa I Want to Break Free ya John Deacon, mpiga besi wa bendi hiyo, naye msichana Scaramouche anapewa Somebody to Love, wimbo wa Freddie Mercury, yule mwimbaji wao mzaliwa wa Zanzibar. Nyimbo hizo mbili zinakuja mapema, na zote mbili ni za mtu anayetaka kitu. Mtazamaji tayari ameshajua wahusika wakuu wawili wanakosa nini katika maisha yao. Katika mswada wako, kwa jinsi ulivyoueleza, sioni kijana anataka nini. Anasikia nyimbo kichwani. Hilo ni jambo linalompata. Bado si haja. Kabla hujagusa kitu kingine chochote, jaza sentensi hii kwa mkono wako: kijana huyu anataka nini usiku wa leo, kwa nani, na akikosa atapoteza nini?

Turudi kwenye ule wimbo wa kungoja simu, kwa sababu ni mzuri na umepewa mtu asiyefaa. Kijana yuko peke yake juu ya paa, hangoji simu ya mtu yeyote tunayemjua, na hakuna anayemsikia. Mnyang'anye. Mpe mama yake. Mama huyu awe mfanyakazi wa kampuni, zamu ya usiku, kazi yake ni kufuta sauti za watu zilizobaki kwenye kumbukumbu za mashine. Dakika moja kabla ya wimbo, mashine inamletea faili la usiku ule: sauti ya marehemu mumewe, sekunde chache tu, akisema atachelewa, asimsubiri. Taa inawaka: futa kabla ya mwisho wa zamu. Mama anaweka kidole juu ya kitufe, hakibonyezi, na gitaa linaanza. Mlangoni amesimama mwanawe, ambaye amekuwa akidhani mama yake anafuta sauti za wageni tu. Sasa imba wimbo ule ule, neno kwa neno. Kibwagizo cha kwanza ni cha mke anayekumbuka. Cha pili ni cha mfanyakazi anayeona muda unakwisha. Cha tatu mama amegeuka, amemwona mtoto. Wimbo umesimama mahali pamoja, lakini sisi tumesogea. Na umepata faida nyingine bila kuitafuta: kampuni, ambayo mpaka sasa ni jina tu, imepata uso, na uso huo uko ndani ya nyumba ya kijana.

Fanya hivyo hivyo kwa nyimbo zote. Chukua kadi, wimbo mmoja kadi moja, andika anayeimba, anayeimbiwa, anachotaka, na nini kimekuwa tofauti wimbo ukiisha. Kadi ambayo mstari wake wa mwisho unabaki mtupu hata baada ya kuihangaikia siku mbili tatu, wimbo wake utoke. Itauma, hasa zile unazozipenda wewe. Lakini piga hesabu: nyimbo 21 za dakika nne nne ni dakika 84, na mchezo wako ni dakika 170. Ukibaki na nyimbo 15 au 16, na katika baadhi ukaondoa kibwagizo kimoja au kile kipande kirefu cha gitaa, muziki unashuka hadi karibu saa moja. Ukipunguza na mazungumzo kidogo unafika saa mbili na robo, ambazo mtu mwenye basi la mwisho la kuwahi anaweza kuzivumilia. Kukata kibwagizo nako kunahitaji ridhaa ya wenye wimbo, kwa hiyo liingize katika maombi yako.

Kuhusu nyimbo mbili maarufu anazozitaka muongozaji wako: anachokihisi ni cha kweli. Watu waliokuja kwa ajili ya bendi wasipousikia wimbo wanaoujua kuliko yote wanarudi nyumbani na kinyongo. Kosa ni kudhani kwamba lazima ukae ndani ya hadithi. Waandaaji wa We Will Rock You walikuwa na Bohemian Rhapsody mkononi, wimbo ambao ukiuweka katikati ya hadithi yoyote utaimeza. Wakauweka mwisho, hadithi ikiwa imekwisha, kama zawadi, baada ya watazamaji kuulizwa kwenye skrini kama wanautaka. Fanyeni vivyo hivyo. Wahusika wameinama, makofi yanaendelea, ndipo bendi ianze. Hapo hakuna anayedai maana ya wimbo katika hadithi, na muongozaji wako amepata alichotaka.

Msimulizi wa mwanzoni simuungi mkono hata kidogo. Ni imani iliyoenea kwamba hadithi ya wakati ujao inahitaji maelezo mengi kwa sababu dunia yake ni ngeni. Mtazamaji haihitaji historia ya miaka zaidi ya 160 ijayo. Anahitaji kujua sheria moja, na gharama ya kuivunja. Anza hivi: familia inakula chakula cha jioni. Mtoto mdogo anaguna wimbo bila kujijua, kama watoto wanavyofanya. Vijiko vyote vinasimama. Mama anamziba mdomo kwa kiganja, na wote wanaangalia taa ndogo ukutani. Taa inabaki kijani. Wanaendelea kula. Nusu dakika, hakuna neno lililosemwa, na ukumbi mzima umeielewa dunia yako kuliko ambavyo msimulizi angeieleza kwa dakika tano. Mengine ya lazima yaache yatoke kwenye magomvi: watu wanapogombana hutaja sheria, bei na adhabu bila kuonekana wanahutubia.

Nije kwenye lile la kufanana na mchezo wa Queen. Waliosema hivyo wana haki, na usilichukulie kama tusi. Kampuni inayotawala dunia, muziki wa binadamu uliokatazwa, kijana mteule anayesikia nyimbo za kale: hivyo ni viungo vitatu vikubwa vya hadithi ile, na vyote unavyo. Kwa kawaida hakimiliki hailindi wazo tupu, hulinda namna lilivyoandikwa na kupangwa, lakini ukikusanya viungo vingi vya mwenzio kwa mpangilio ule ule unajisogeza mahali pabaya. Na hata kama sheria ingekuruhusu, kuna tatizo la wakati. Mwaka 2002, dunia ambayo muziki wote unatengenezwa na kompyuta ilikuwa dhihaka ya mbali. Leo mtu anaiandikia programu ya akili mnemba sentensi moja na kupata wimbo mzima, sauti ya kuimba ikiwemo. Mtazamaji wako hataona mwaka 2190. Ataona simu yake. Hadithi ya kisayansi inazeeka haraka sana pale inapotegemea kifaa. Inadumu inapotegemea sheria inayowaumiza watu.

Sheria hiyo uitafute wapi? Ndani ya nyimbo zenyewe. Wenzako waliokutangulia wamefanya hivyo kwa njia tofauti. Bat Out of Hell, mchezo wa muziki uliofunguliwa Manchester mwaka 2017, una vijana ambao miili yao haikui tena kupita miaka 18. Nyimbo zake, za mtunzi Jim Steinman, zimejaa ujana unaowaka na kukataa kuisha, kwa hiyo sheria ya dunia ile imechotwa humo humo. Steinman alikuwa na bahati, baadhi ya nyimbo zile alizianza akiwa na jukwaa akilini tangu miaka ya 1970. Katika jumba la La Jolla Playhouse, California, mwaka 2012, muongozaji Des McAnuff alizigeuza nyimbo za bendi ya Flaming Lips kuwa hadithi ya msichana Yoshimi anayepigana na roboti. Roboti hao ni saratani iliyo ndani ya mwili wake. Huo naupenda kuliko yote, kwa sababu mambo ya ajabu ya kisayansi yamepewa kidonda cha kibinadamu cha kubeba.

Kwa hiyo zitandaze nyimbo zako 21 mezani, usome maneno yake kama mashairi, bila muziki. Zinalalamikia nini mara kwa mara? Bendi iliyokulia Birmingham huenda inaimba juu ya viwanda, zamu za usiku, baba asiyeonekana, mji unaobomolewa na kujengwa tena. Kama ni usiku na kazi ndivyo vinavyojirudia, basi labda dunia yako haijakataza sauti, imenunua usingizi. Kama ni kupotea kwa watu, labda kampuni inahifadhi sauti za wafu na kuwatoza jamaa zao kila wanapozisikiliza, na kazi ya mama ni kufuta zile ambazo bado hazijalipiwa. Njia hii ya pili ina faida kwamba unabaki na sehemu kubwa ya mswada wako, pamoja na lile onyesho la mama nililokupendekezea. Hasara yake ni kwamba lile kundi lako la waasi, kama unalo, halitakuwa tena na ala za kuficha, na nusu ya pili itabidi uijenge upya. Ukibaki na marufuku yako ya sasa, kazi ni ndogo lakini kivuli cha Queen kitabaki. Ningekuwa wewe ningeichukua ile njia ya wafu, ila uamuzi ni wako na wa nyimbo zako, ambazo mimi sijazisikia.

Sasa maneno ya nyimbo. Mwenzako anaposema uyabadilishe, anataka kutibu kwa kalamu jambo linalotibika kwa kuweka hali sahihi. Na wale wanaozijua nyimbo hizo wataimba maneno ya zamani juu ya maneno yako mapya, utasikia vurugu ukumbini. Isitoshe, huna ruhusa. Katika We Will Rock You, Brian May, mpiga gitaa wa Queen, na Roger Taylor wenyewe walikuwa wasimamizi wa muziki. Wao wakigusa kilicho chao ni jambo jingine. Wewe una kauli ya mpiga gitaa mmoja. Wimbo huwa na watunzi wawili, watatu, na mara nyingi umekabidhiwa kwa kampuni ya uchapishaji wa muziki ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuruhusu. Hata kama yeye ni mtunzi, huenda hawezi kukupa peke yake. Usijifariji pia na leseni ya muziki ambayo ukumbi unalipia: leseni za namna hiyo kwa kawaida zinahusu kuimba nyimbo kwenye tamasha, na kuzifuma ndani ya hadithi yenye wahusika ni matumizi ya aina nyingine yanayohitaji idhini yake. Kisha chini ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 mtunzi anaweza kuwa na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Hapa ndipo ninapokuambia kwamba ushauri wa maandishi kama huu hautoshi. Mtafute wakili wa hakimiliki, au ujiunge na chama cha waandishi kinachowasomea wanachama wake mikataba, kama Society of Authors, ukae naye na karatasi zote mbele yenu.

La sauti ya mwigizaji wako nalo si la kupuuza. Waimbaji wa roki hurekodi wakiwa juu kabisa ya uwezo wao, na studio inawaruhusu kupumzika na kurudia. Jukwaani hakuna kurudia. Mwombe msimamizi wa muziki ashushe kimo cha sauti cha nyimbo zinazomkaba, na mgawe nyimbo ngumu kwa wahusika zaidi ya mmoja. Kumpa mama ule wimbo wa usiku tayari kumempumzisha. Akiendelea kukwaruza sauti kwa zaidi ya wiki tatu, au akisikia maumivu anapoimba, aende kwa daktari. Tangawizi na asali visimcheleweshe.

Ukishamaliza rasimu mpya, isomeni mezani bila muziki kabisa, mbele ya watu sita au saba wasioijua bendi hiyo. Panapofika wimbo, msomaji aseme tu: hapa mama anaimba. Usiwaulize kama wamependa, kwa sababu watakuambia ndiyo. Waulize wakati wa mapumziko kijana alikuwa anataka nini na nani alikuwa anamzuia. Majibu yakitofautiana sana, rudi kwenye kadi zako za nusu ya kwanza. Na kama kuna mtunzi au muongozaji mzoefu wa michezo ya muziki karibu nawe, mwombe akae kwenye usomaji huo ana kwa ana. Atasikia mahali watu wanapoanza kujisogeza kwenye viti, jambo ambalo mswada peke yake hauwezi kumwonyesha.

Kwa utaratibu wa kazi, barua ya maombi kwa wenye nyimbo itangulie, hata kabla ya kadi kukamilika. Taja nyimbo zote unazofikiria, ueleze hadithi kwa ukurasa mmoja, utaje ukumbi, idadi ya viti na bei ya tiketi, na useme wazi vipande unavyotaka kukata. Majibu yanaweza kuchukua miezi, na yanaweza kukupa nyimbo 12 badala ya 16. Mwambie muongozaji wako asitangaze tarehe wala kuuza tiketi mpaka karatasi iliyosainiwa iwe mkononi. Mkiwa mnangoja, andika lile onyesho la chakula cha jioni na lile la mama. Hayo mawili hayategemei jibu la nyimbo zote, na yatakuonyesha mapema kama dunia yako mpya inasimama.